Wale wajakazi kumi na wawili

Jana sijalala vizuri na ukiniuliza kisa ni nini utanicheka, ni wasichana 12 wa kwenye hadithi ya Wagiriki wa kale. Nilikuwa namalizia Odyssey, tafsiri ya Emily Wilson ya 2017, nikafika kitabu cha 22, mfalme Odysseus karudi kwake baada ya miaka 20, kawaua wanaume wote waliojazana pale wakimposa mkewe Penelope. Sasa wanaitwa wajakazi waliokuwa wanalala na hao wanaume, wanabebeshwa maiti, wanafuta meza na viti kwa maji na sponji, damu yote ile, wanalia huku wanafuta, na usafi ukiisha ndo wanatolewa uani. Baba mtu kasema wauawe kwa upanga, mtoto wake Telemachus akaona hicho kifo kizuri mno kwao, akafunga kamba ya meli, kila mmoja na kitanzi chake. Miguu ikarusharusha kidogo, sio sana. Basi, imeisha hiyo, mzee anaagiza salfa ya kufukizia nyumba.

Kuna tafsiri zinawaita malaya hapo. Kigiriki chenyewe kinasema "hawa" tu, kwa umbo la kike. Na walikuwa watumwa jamani, mtumwa anamkataa vipi mgeni wa bwana wake?

Ndo maana siwashangai waandishi kina Margaret Atwood (2005) kuwapa hao wasichana sauti, au Pat Barker 2018 kumchukua Briseis wa kwenye Iliad, ile hadithi ya vita vya Troy, ambaye shujaa wa Kigiriki Achilles kamuulia mume na kaka zake watatu kisha anapewa kama zawadi, ugomvi mzima wa Achilles na mfalme Agamemnon ni juu yake afu yeye anaongea mara moja tu, kitabu cha 19, tena anamlilia mwanaume. Nafasi iko wazi hapo, mwandishi gani aiache? Ingawa vitabu vingine vya siku hizi vinanichosha, kila binti wa Troy anaongea kama yuko kwenye podikasti.

Ila kinachonisumbua ni Melantho. Kati ya wajakazi waliolala na wale wanaume ndo pekee tunamjua kwa jina, na hata yeye haisemwi wazi kama alikuwa kwenye ile kamba. Penelope alimlea kama mwanae, alikuwa anampa vitu vya kuchezea. Siku ile ya kunyongwa Penelope alikuwa ghorofani, kalala fofofo.