Kituo cha mji mmoja kilichosikika hadi mbali

Kila ninapoisikiliza redio ya WSM ya Nashville, Marekani, kwa intaneti, sauti hunijia safi mno, bila mkwaruzo hata mmoja, nami hujihisi kama nimepunjwa kitu. Redio hii ya muziki wa country ilizoeleka kupokewa usiku, katika masafa ya kilohezi 650, ikipanda na kufifia kwenye spika.

Kituo kilianzishwa Oktoba 1925 na kampuni ya bima, na herufi tatu za jina la kituo, WSM, zilikuwa kifupi cha kaulimbiu ya kampuni hiyo ya kujigamba kwamba inawakinga mamilioni. Fidla na banjo, kwa maneno mengine, zilikuwa chambo cha kumfungulia mlango wakala wa bima. Silioni hilo kuwa aibu, kwa kuwa wakala alihitaji kujulikana hadi kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji, na haja hiyo ndiyo iliyolipia mitambo.

Mwaka 1932 nguvu ya kurusha matangazo ilifikishwa wati 50,000, ukasimikwa huko Brentwood, karibu na Nashville, mlingoti unaozidi mita 240 ambao, ukiutazama kwa mbali, umechongoka chini, ukatanuka katikati, kisha ukachongoka tena juu. Mlingoti huo mzima ndio antena. Mchana mawimbi yake hutambaa ardhini na kuchoka njiani, lakini jua likizama, tabaka la chini la anga linaloyameza hutoweka na lile la juu huyarudisha duniani, hata mtu aliye majimbo kadhaa mbali akasikia matangazo ya mji asiowahi kuukanyaga.

Katika waliosikika hivyo, ninayemfikiria zaidi ni DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo. Usiku mmoja wa Desemba 1927, mara baada ya kipindi cha muziki wa okestra, aliigiza kwa pumzi zake garimoshi linalochanganya mwendo, magurudumu na king'ora vyote vikitoka katika kile kipande kidogo cha bati na mbao, na hapo mtangazaji George Hay akakibatiza kipindi cha WSM cha Jumamosi usiku jina la Grand Ole Opry, kwa kuitania opera. Wasikilizaji wengi hawakujua kwamba Bailey ni Mweusi. Sauti yake ilikaribishwa katika sebule za watu huku yeye mwenyewe, akiwa ziarani na wenzake, akinyimwa chumba cha hoteli na meza ya mkahawa.

Mwaka 1941 Bailey aliachishwa kazi kipindini. Alibaki Nashville aking'arisha viatu, akafariki mwaka 1982, na Jumba la Heshima la muziki wa country, lililo katika mji huohuo, lilimpokea mwaka 2005.