Daftari lako linaamka saa moja

Leo Ijumaa, saa tano usiku, na sentensi ya Jumanne bado haijaniachia. Nikikosha vyombo naisikia. Nikisimama kungoja bajaji pale Mwanga, hapa Kigoma, naisikia. Jana mtu wa benki kanipigia kwamba ule mkopo umepita, nikamwambia asante, halafu nikabaki nimeshika simu nawaza habari ya ungo.

"Mwanangu, daftari lako linaamka saa moja. Mimi naamka saa kumi."

Basi, Mama Pacha hakuongeza neno. Angepaza sauti ningejua la kufanya, maana kupaza sauti nakuweza. Waliosoma ule ugomvi wangu na mwenye nyumba ni mashahidi. Lakini alisema taratibu, macho kwenye ungo, na ungo haukusimama. Dagaa waliruka wakatua, wakaruka wakatua, vumbi likaenda na upepo, na mimi nikawa nimesimama na karatasi mkononi mbele ya watu saba.

Mama Pacha mnamjua, mmoja wa watu saba ninaowalipa kwenye kazi yangu ya kukausha dagaa. Ni yule wa dumu la mawese lililopasukia kwenye treni. Ananizidi miaka kumi na miwili: mshahara natoa mimi, na shikamoo natoa mimi.

Ilivyokuwa ni hivi. Daftari la mahudhurio lilianza mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nilikaa na watu saba bila dagaa hata wa kuonja, na nilipotaka kuamua nani apumzike na nani abaki nikagundua sijui nani anafanya nini kwangu. Nilikuwa najua nani mchangamfu, nani ananiletea ndizi. Basi nikanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, nikachora mistari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ndoo zilizopokewa, kilo zilizokauka, makapi (dagaa wa kutupa), na mwishoni mstari wa "maelezo". Huo wa mwisho nitaurudia, kwa aibu.

Nilichora, nikajaza, sikusoma. Ndiyo kweli yenyewe. Daftari likawa kama Biblia ya mwenye nyumba ya wageni, lipo kwa ajili ya kuwepo. Mpaka mtoto wa kaka alipomaliza chuo Dodoma akaja kukaa kwetu akisubiri ajira. Akala ugali wangu wiki mbili, kisha akasema, "Shangazi, lete hilo daftari nikuingizie kwenye Excel." Akaingiza miezi miwili ya mwisho. Waliochelewa akawatia rangi nyekundu.

Mama Pacha, mara kumi na moja. Kijana wa bajaji, sifuri.

Hapo nikajiona meneja. Nikatangaza posho ya mahudhurio, 30,000 kwa kila ambaye hakuchelewa zaidi ya mara tatu. Nikaenda steshenari kuchapa ile orodha, majina yote na rangi zake, nikaibandika mlangoni mwa stoo. Jumanne asubuhi nikasoma majina kwa sauti. Jina la Mama Pacha halikuwemo, na kila mtu alijua halimo, kwa sababu nyekundu yake ilionekana toka getini.

Ndipo akasema alivyosema. Na mimi, badala ya kuuliza saa kumi anaamkia nini, nikajibu, "Sheria ni ya wote, Mama Pacha."

Nimeliandika ili nilione. Sheria ni ya wote. Mtu anakupa ufunguo, unamrudishia kufuli.

Jumatano Mama Pacha aliingia saa moja kasoro dakika tano. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikaandika 12:55 kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa. Bajaji ikaingia na ndoo zake kutoka mwaloni Kibirizi kama kawaida, tukamwaga kwenye vichanja, na kabla jua halijashika nikaona. Juu ya ndoo dagaa walikuwa weupe wanang'aa. Chini walikuwa wamelegea, matumbo yamepasuka, wengine wana mchanga. Wale wa mwanzo wa usiku, waliolala kwenye mtumbwi mpaka wakachoka. Siku hiyo makapi yalifika kilo kumi na moja. Tumezoea tatu, nne.

Nikamwita kijana wa bajaji. "Leo umenunua nini?"

Akajikuna shingo. "Mama, mimi huwa nabeba tu. Anayechagua ni Mama Pacha."

Kumbe. Mwaka mzima na ushei namsifu kijana kwa jicho lake zuri! Mwaka mzima mwanamke yule anatoka kwake gizani, anafika Kibirizi mitumbwi inapoanza kuingia, anazamisha mkono mpaka chini ya ndoo, ananusa, anakataa, anabishana bei. Ndoo zikijaa, bajaji haina nafasi ya mtu. Kijana anapanda na mzigo, yeye anapanda mlima kwa miguu, na saa moja na nusu anafika stoo ambako mimi namngojea na kalamu nyekundu. Hakuna aliyemtuma. Mara ya kwanza alipita tu, akaona tunauziwa takataka, hakuweza kuvumilia. Kijana alikaa kimya kwa kuwa sifa ni tamu, na sina hakika ningekuwa yeye ningefanya nini.

Alhamisi tulizika jirani, Jumamosi binamu yangu anaolewa na sare sijaichukua kwa fundi. Lakini jana usiku, badala ya kulala, niliteremsha kalenda ukutani.

Ile kalenda ya msikitini ambayo mama alinipa kutoka Ujiji, yenye tarehe mbili mbili, za kawaida na za Kiislamu. Nikakaa nayo sakafuni pamoja na daftari, nikaanza kutia nukta kila siku ya nyekundu ya Mama Pacha. Nukta ya kwanza ikaangukia mwezi ishirini na saba. Ya pili ishirini na tisa. Ya tatu, mwezi tatu. Nilipofika ya sita nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Zote zimejazana mwisho wa mwezi mwandamo na mwanzo wake, na katikati, kuanzia kumi na mbili hadi kumi na saba, hakuna hata moja. Giza na mbalamwezi! Kila mtoto wa Kigoma anajua dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, wavuvi wanashona nyavu. Mama Pacha anachelewa giza, kwa sababu giza ndipo kuna cha kuchelewea. Na mimi nilikuwa namsoma kwa wiki, Jumatatu hadi Jumamosi, kana kwamba ziwa linajua Jumatatu.

Kati ya nyekundu kumi na moja, kumi ni za giza. Moja iko peke yake, mwezi kumi na tisa. Hiyo pacha mmoja alikuwa na homa, nakumbuka.

Nikamwamsha mtoto wa kaka. Alikuja na shuka mabegani. Nikamwonyesha kwamba siku hizo nyekundu ndizo zenye makapi machache kuliko zote, nikangoja anisifu.

Akapiga miayo. "Shangazi, huenda ni mwezi wenyewe, siyo yeye. Giza dagaa ni wengi, kila mnunuzi ana nafasi ya kuchagua. Mbalamwezi mnachukua kilichopo. Makapi yangepungua tu."

"Na Jumatano je? Jumatano ni giza, na yeye hakwenda."

"Siku moja. Siku moja siyo ushahidi."

"Kwako. Mimi nimeyatupa kwa mikono yangu."

Akacheka, lakini akasema neno ambalo limenikaa: watu saba kwa miezi miwili ni wachache mno kwa rangi kumwamulia mtu, rangi ikuonyeshe tu nani wa kwenda kumuuliza. Mimi nilikuwa nimeanza na jibu.

Halafu, kwa kuwa nilimwamsha, akanilipizia. Akafungua mstari wa maelezo.

"Shangazi, haya nani anayaona?"

Nikatazama mwandiko wangu. Presha. Tumbo la mwezi. Na kwa binti wa pakiti: "mimba, miezi mitano?" na alama ya kuuliza, kana kwamba nilikuwa nakagua mbuzi. Daftari hilo linakaa mezani, kila mtu anapita. Mtoto wa kaka akaniambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na habari za afya ya mtu zimo kwenye fungu la taarifa nyeti. Alisema unachukua unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, basi. Nikamuuliza mimba nilikuwa naihitaji kwa kazi gani. Hakujibu, na mimi sikuwa na jibu. Binti akiwa tayari ataniambia mwenyewe, nami nitajua ana siku zake 84 za uzazi, nipange mtu wa kumshikia. Kurasa zile nilizikata kwa wembe usiku ule ule na kuzichoma jikoni. Karatasi ya mlangoni niliibandua leo alfajiri kabla ya watu kufika. Imeacha gundi.

Sasa hesabu, maana nimepata mkopo na ninajidai mfanyabiashara. Nilijipanga vizuri sana na Sheria ya Ajira: siku tano saa nane nane, Jumamosi saa tano, jumla saa 45 kwa wiki, sawasawa na kiwango. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu sokoni. Kumbe Mama Pacha, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa moja, ana saa mbili na nusu ambazo hazimo popote. Mara kumi, saa 25. Kwa siku namlipa 10,000, yaani 1,250 kwa saa. Ziada ni mara moja na nusu. Inakuja 46,875, na hapo sijaongeza ile asilimia tano ya usiku, maana sheria inahesabu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni miezi miwili tu niliyoingiza kwenye kompyuta. Nyuma yake kuna kurasa ambazo sijazifungua. Baba watoto sijamwambia.

Jambo moja limenifurahisha katika yote haya, na nitalifanya mwezi ujao mkopo ukiingia au usiingie: zamu zifuate mwezi. Nimekuwa nikiweka watu saba kila siku, mbalamwezi wanapeperusha nzi na giza wanapinda migongo. Likizo, zile siku 28 ambazo kila mtu ananiomba Desemba, anayetaka azivunje mara mbili, azile mbalamwezi. Nimewauliza leo. Wanne wamekubali palepale, mmoja anataka kumuuliza mumewe, kijana wa bajaji akauliza kama posho yake nitaidai. Nikamwambia ale tu, na akanunua soda za watu wote, jambo ambalo sikulitegemea.

Na Mama Pacha. Nilimwita nyuma ya vichanja. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu usiku, yakaishia kwenye "pole".

"Pole ya nini? Karatasi si umeibandua?"

Nikamweleza kwamba kuanzia sasa saa zake zinaanza Kibirizi, na za nyuma nitazilipa. Akanitazama kwa muda.

"Na saa kumi na nusu ataniandika nani? Wewe utakuwa umelala."

Nikasema anitumie ujumbe kwenye simu akifika. Akasema simu yake haitoi mfukoni gizani penye watu vile. Nikasema basi nitamwamini. Akasema, "Eeh," ile eeh isiyokuwa ndiyo wala hapana, akarudi kwenye ungo. Kesho ni Jumamosi, giza bado. Hatukuagana kwamba anakwenda au haendi, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Ningelala sasa. Ila kitinda mimba wangu anakuja kwa likizo, amepanda treni Tabora leo jioni, mara ya kwanza anasafiri bila dada yake. Ujumbe wa mwisho ulitoka Kaliua: "Mama nimepata siti dirishani, kuna mzee ananigawia karanga." Nikamjibu asile. Nimempigia mara nne, simu haipatikani. Najua mbele ya pale mtandao hukatika, kila mtu anajua. Mzee gani huyo?