Ukitaka eka moja Nakuru, kwanza tazama kilicho juu yake

Wengi huuliza kama Nakuru ni mahali pazuri pa kuhamia, mtu alime chakula chake na awe na akiba ya siku mbaya. Swali hilo halina jibu. Kaunti ni moja, lakini Molo, karibu mita 2,500 juu ya bahari, viazi huunguzwa na sakitu, na Gilgil ng'ombe huuzwa Februari kwa kukosa maji. Kinachopimwa ni mteremko wenyewe, na hupimwa mara mbili: mwisho wa Februari, visima vikiwa vimekauka, na mwisho wa Aprili, barabara zikiwa matope. Broka atapenda kukupeleka Julai, wakati hata jangwa lina majani.

Ukifika, bikoni (alama za mipaka ya shamba) zisubiri. Panda mteremko kwa miguu, kilomita 2 au 3, ukitafuta vitu viwili: bwawa na tuta. Usiku wa Mei 9, 2018, ukuta wa bwawa la shamba la kibinafsi ulipasuka huko Solai, na maji yakaua watu zaidi ya 40 waliokuwa chini yake. Mai Mahiu, kwenye mafuriko ya alfajiri ya Aprili 29, 2024, hapakuwa na bwawa lililojengwa. Kalvati, yaani njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli, iliziba kwa magogo na matope, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka yakapata njia kwa nguvu. Kwa hiyo tuta lolote la reli au barabara lenye kalvati moja tu ni bwawa linalosubiri mvua. Chungulia ndani ya kalvati. Ukikuta matawi yamekwama na mchanga umefika nusu, shamba lililo chini yake liache, hata likiuzwa bei ya kutupa.

Korongo kavu nalo lina ushahidi wake. Tazama nyasi kavu na karatasi za nailoni zilizonasa kwenye miti: pale zilipo juu kabisa ndipo maji yalifika. Nyumba iwe juu ya alama hiyo kwa mita kadhaa. Karibu na maziwa hesabu ni nyingine, maana ziwa halirudi kesho yake. Ziwa Nakuru limepanda tangu karibu 2010 hadi likameza lango kuu la mbuga, na Kihoto, Naivasha, maji yameingia sebuleni mwa watu.

Sasa maji ya kunywa. Ndani ya Bonde la Ufa, kisima kirefu chenye maji meupe kinaweza kuwa na floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kabla ya maabara, zungumza na watoto waliozaliwa hapo: meno yenye madoa ya kahawia yamekwisha kukujibu. Kuchemsha hakusaidii, kunapunguza maji na kuacha floraidi ileile. Chujio la mkaa wa mifupa linasaidia, ila mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na hapo ndipo wengi husahau.

Maji ya paa hayana tatizo hilo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mabati ya mita 8 kwa 7, ukitoa asilimia 20 inayopotea, hukupa lita 45 kwa kila milimita, yaani karibu lita 40,000 kwa mwaka wa milimita 900. Ukubwa wa tangi lakini hutegemea kiangazi. Watu watano, lita 20 kila mmoja, siku 100 kuanzia Desemba: lita 10,000. Ng'ombe mmoja wa maziwa anaweza kunywa lita 60 kwa siku, kwa hiyo yeye peke yake ni lita 6,000 zaidi. Hapo ndipo hesabu za watu huanguka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwage, angalau lita 30, maana imebeba vumbi na mavi ya ndege. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, na udongo wa majivu ya volkano hubebwa na maji upesi. Bomba la maji ya ziada likimwagia kando ya msingi, msingi utabaki hewani na tangi litainama. Lipeleke mbali, kwenye migomba.

Udongo huohuo huangusha vyoo. Chimba shimo la futi 2, mwaga debe moja la maji, kaa nalo. Kuta zikimomonyoka, choo kitahitaji kujengewa kwa mawe tangu chini. Maji yakisimama mpaka jioni, ni udongo mzito, na gari halitatoka Aprili.

Barabara ziwe mbili, kwa pande tofauti. Mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, barabara nyingi za Bonde la Ufa zilifungwa kwa mawe na magogo, na mwenye njia moja hakuwa na njia. Upande wa hati, fanya sachi (kuulizia kwenye ofisi ya ardhi shamba limeandikwa kwa jina la nani), kisha kumbuka kuwa shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi, nayo huombwa ndani ya miezi 6 ya mkataba.

Kuhusu akiba, kadiria gunia moja la kilo 90 la mahindi kwa mtu kwa mwaka. Kabla ya kuhifadhi, tia chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi kiasi cha theluthi kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikishika kuta za chupa, rudisha mahindi juani, la sivyo ni kuvu. Yakiwa makavu, tumia gunia lenye mifuko miwili ya nailoni ndani, kamua hewa yote, funga kila mfuko peke yake. Dumuzi hufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Usilifungue kila Jumamosi kuchota gorogoro moja, na panya wakitoboa tundu, gunia hilo ndilo la kuliwa kwanza.