Nilivyompeleka anti yangu Kiganjo kumwona trauti

Anti yangu amefunga nzi miaka 19 na hakuwa amemwona trauti, yule samaki wa mito baridi anayevuliwa nazo, hata siku moja. Nikisema nzi simaanishi hawa wa chooni, naongea kuhusu zile ndoano ndogo zinavalishwa manyoya na uzi mpaka zinakaa mdudu, halafu mtu huko Uingereza ama Marekani anairusha mtoni na samaki anaingia boksi. Nyingi zinafungwa hapa kwetu, na wanaozifunga wengi ni kina mama. Anti alikuwa anatoka Githurai alfajiri anaenda kukaa mbele ya vaisi ndogo ya mezani, ile inabana ndoano, mpaka jioni, analipwa kwa dazeni, na mkia ukizidi urefu kidogo tu supavaisa anairudisha na hiyo hailipwi. Nyumbani manyoya ya jogoo yalikuwa kila mahali, mpaka kwa ugali, na majina ya zile nzi tuliyajua kama tunavyojua majina ya steji. Invicta, Royal Coachman, Greenwell's Glory. Mimi nikiwa mdogo nilidhani Greenwell's Glory ni kanisa. Si lina jina la kanisa kabisa? Nilikuja kujua juzi tu kwamba Greenwell alikuwa kasisi wa ukweli huko Uingereza, na nzi yake ilifungwa mwaka wa 1854 na fundi mmoja anaitwa James Wright, kwa hivyo sikuwa nimekosea sana.

Safari ilianzia kwa vitabu vya inama, zile za kando ya barabara tao ambapo lazima uiname ndio uone majina. Nikakuta kitabu cha Izaak Walton, kile cha kuvua samaki cha 1653, mia na hamsini, kava imechanika. Nilikinunua juu ya anti tu. Huyu Walton alikuwa mfanyabiashara London, na kitabu chenyewe ni watu wanatembea kando ya mto Lea wakibishana, mvuvi na mwindaji, wakichoka wanaingia baa wanaimba. Kiingereza chake ni kigumu manze, lakini nilipokuwa namsomea anti nikifika mahali Walton anaeleza vile unamtunga chura kwa ndoano halafu anasema umshike kama mtu unampenda, anti aliweka kikombe chini akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, "Na nzi ako wapi?" Nikatafuta. Kumbe Walton mwenyewe alikuwa mtu wa minyoo na vyura zaidi, sehemu nono ya nzi iliongezwa 1676 na rafiki yake Charles Cotton. Anti akasema basi huyo Cotton ndiye alikuwa anatulisha.

Hapo ndipo nikamuuliza kama amewahi kumwona huyo samaki. Akaniangalia tu. "Kijana wangu, ningemwonea wapi? Mto Nairobi?"

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko steji tao, matatu ya Nanyuki, anti amevaa sweta mbili na leso juu, amebeba flaski ya chai na mayai ya kuchemsha kama mtu anaenda safari ya siku tatu. Thika Road ilikuwa wazi. Kutoka hapo mbele ni trela na vumbi la barabara, Makutano wakina mama wanasukuma ndizi na mchele wa Mwea mpaka ndani ya dirisha, anti ananunua, namwambia tutabeba hii yote mpaka mtoni, hasikii.

Nikaanza kumsomea vitu nilikuwa nimeweka kwa simu, na huyo kijana wa kiti cha mbele akawa anageuka kusikiza. Kwamba mambo ya kufunga nzi si ya jana, kuna mwandishi wa zamani za Warumi anaitwa Aelian, karibu mwaka wa 200 hivi, ameandika kuhusu watu wa Makedonia wanaozungushia ndoano sufi nyekundu na kuiwekea manyoya mawili ya jogoo, yale ya chini ya ndevu. Anti akainua kidole. "Ya shingo?" Nikasema hapo hapo karibu. Akasema, "Basi hakuna kitu wamebadilisha." Halafu nikamwambia kitabu cha kwanza cha Kiingereza kuchapishwa kuhusu uvuvi wa ndoano, cha 1496, kinaorodhesha nzi 12 kulingana na miezi, na tangu zamani watu wanasema aliyekiandika ni mtawa mwanamke, Juliana Berners, ingawa wasomi wanabishana kama kweli ni yeye. Hiyo ya kubishana anti hakuipenda. "Wanabishana juu ni mwanamke," akasema, na akala yai. Mimi pia naona hivyo, lakini sina ushahidi.

Yule alimfurahisha zaidi ni Mary Orvis Marbury wa Vermont, Marekani. Huyu alikuwa anasimamia chumba cha wasichana wanaofunga nzi katika biashara ya babake, na mwaka wa 1892 akatoa kitabu kikubwa chenye picha za rangi, juu kabla ya hapo nzi moja ilikuwa na majina matano na kila mvuvi anaagiza kivyake. Anti aliuliza swali moja tu: hao wasichana, majina yao yako ndani? Nikasema sijayaona. Akageuka akaangalia mashamba ya Karatina.

Tulishuka Kiganjo kama saa nne hivi, baridi ya kukata masikio, tukapanda boda mbili mpaka kituo cha serikali cha kutotolesha trauti. Njiani huyo wa boda yangu ananionyesha upande ambako Sagana Lodge iko, pale Elizabeth alipata habari kwamba babake amekufa na yeye sasa ni malkia, Februari 6, 1952. Watu wa huku wanaisimulia kama ilitokea wiki iliyopita.

Sasa trauti si mtu wa hapa. Hakuwa kwa hii mito kabisa. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskochi, yakawekwa mto Gura huko Aberdare. Ndio, Grogan ni yule yule, ile Grogan yetu ya tao, Kirinyaga Road, pahali tunaenda kutafuta spea za gari na kurudi na spea za gari letu wenyewe. Fikiria mayai ya samaki yanavuka bahari yote hiyo mpaka Mombasa na lazima yakae baridi njia nzima, yakipata joto yanaisha. Yule wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni Amerika upande wa Pasifiki, alikuja baadaye, na wote wawili wanaishi juu milimani tu kwa sababu maji baridi ndiyo yanashika oksijeni ya kuwatosha. Kwa hivyo anti alikuwa na haki, Mto Nairobi hangemwona, hata ungekuwa msafi.

Kwa vidimbwi anti alisimama kimya. Mhudumu akarusha chakula na maji yakachemka, samaki wakaruka, mgongo wenye madoadoa, ubavuni mstari wa pinki. Nilikuwa nishatayarisha simu nirekodi machozi, si unajua vile watu hufanya. Anti akasema, "Kwani ni mdogo hivi?" Yaani kwa vile wazungu walikuwa wanalipa, kwa miaka yote alikuwa amejichorea kichwani samaki mkubwa kama mtu mzima. Nikamtuliza kidogo na hadithi ya samoni, binamu ya trauti, kwamba Oktoba 1922 huko mto Tay, Uskochi, mwanamke anaitwa Georgina Ballantine alivuta mmoja wa paundi 64, karibu kilo 29, na hakuna aliyewahi kuivunja hiyo rekodi Uingereza kwa fimbo. Akasema huyo sasa ni samaki.

Baada ya leseni ya kuvua (hiyo foleni niiache tu) tukaenda mtoni na kijana wa pale ambaye amekulia kando ya maji, alikuwa na fimbo mbili. Mimi kurusha nilishindwa. Kwenye video inakaa rahisi, mkono nyuma, unangoja mshipi unyooke, mkono mbele. Hapo pa kungoja ndipo sina. Nilivua mti mara tatu, nikavua kofia yangu, na mara ya nne ndoano ikaingia kwa sweta ya anti, ile ya juu, na ndiye aliyeichomoa bila hata kuangalia, vidole vyenyewe vilijua.

Yule kijana akafungua kasha lake la nzi. Anti akalichukua mkononi mwake kama mama amepewa mchele auchague. Akavaa miwani. "Huyu aliyefunga hii alikuwa anakimbiza dazeni, ona vanishi imejaa kwa jicho, uzi utapita wapi?" Kijana akabaki amefungua mdomo. "Hii ni nzuri. Hii mkia umelala. Hii ni PT, na mmefungia uzi wa kawaida, hii inataka waya." Na ni kweli, Pheasant Tail ya yule mlinzi wa mto Avon, Frank Sawyer, hakutumia uzi kabisa, alifunga na waya mwembamba wa shaba ndio izame. Kijana akamuuliza alijulia wapi kuvua. Anti akamwambia hajawahi kuvua kitu.

Huyo kijana ndiye alimtoa mmoja mwishowe, kama urefu wa kiganja na nusu. Akatuambia tuloweshe mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa. Anti akamshika sekunde chache ndani ya maji, akamwachilia, akajipangusa na leso. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa kilele cha siku.

Lakini kijana akainua jiwe kutoka chini ya maji, akaligeuza. Chini yake kulikuwa na vidudu vidogo vimeng'ang'ania, vinatembea kiupande upande, vina mikia kama nywele. Anti akachuchumaa, sweta mbili zote zikaingia mtoni, akakaa hapo. Mimi na kijana tukawa tunaongea mpira. Dakika ishirini, labda zaidi. Aligeuza mawe yote aliyoweza kuyafikia, na kila moja alilirudisha vile alilikuta.

Kwa matatu alilala mpaka Roysambu, mchele wa Mwea mapajani, ikabidi tupitilize.

Siku ya pili saa moja asubuhi, simu. Hata habari hakuniuliza. "Wewe, ile dudu ilikuwa na kijani kwa mgongo. Uliona? Kijani ya majani ya chai. Miaka yote hiyo walikuwa wanatupea kahawia."