Sisi tulitaka njia ya miguu, wazee wanangoja treni

Nimerudi Mwatate baada ya miaka kumi na tisa ya kuishi Uingereza, na jambo lililonikosesha usingizi tangu nifike si joto, si bei ya unga, wala si lami ya kwenda Taveta ambayo imeifanya njia ya kwetu nisiitambue. Ni reli. Ninyi mliokulia upande huu wa Taita mnaijua, ile iliyoachana na reli kuu pale Voi, ikapita Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, na ambayo sisi watoto tuliitumia kuliko treni zenyewe. Tuliikanyaga kwenda shule na kurudi, taruma moja baada ya jingine, yale yaliyokingama kuzishika reli, wadogo wakiruka na wakubwa wakitembea, na aliyekosea hatua akakanyaga kokoto alilazimika kurudi nyuma aanze upya. Mama hakuwa na wasiwasi nasi. Treni zilikuwa chache na zilisikika kutoka mbali, na hakukuwa na gari lililoweza kutufuata juu ya tuta.

Wiki ya kwanza nilitoka alfajiri kwenda kuitafuta. Mahali ilipokuwa ikikata barabara nilikuta udongo mtupu, na nikalazimika kuuparuza kwa kiatu ndipo chuma kikaonekana. Nikaifuata ndani ya migunga, nikiinama na kujinasua miiba, mpaka nikatokea kwenye ua wa mtu. Zizi lake la mbuzi limejengwa kwa mataruma ya chuma yaliyosimamishwa wima na kufungwa kwa waya, na mbuzi walikuwa wakijikuna kwayo. Nilipitisha kidole kwenye tundu lililokuwa likishika reli, nikakuta ukingo wake bado ni mkali. Mwenye zizi alinikaribisha chai, akaniambia bila kificho kwamba aliyaokota yakiwa yamekwisha kung'olewa, na kwamba kama si yeye yangekwenda kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kama mengine yalivyokwenda. Sikuwa na neno la kumjibu. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma hivyo nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, na Mei mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Reli ya kwetu ni mojawapo ya mambo yaliyoyeyushwa kabla na baada ya hapo, na uchungu wa jambo hilo bado ninao.

Niliporudi barabarani jua lilikuwa limechomoza na watoto walikuwa wakienda shule. Wanatembea pembeni mwa lami, mmoja nyuma ya mwingine, malori ya kwenda Holili, mpakani, yakiwapita karibu kiasi cha kupeperusha sare zao, na bodaboda zikitumia ukingo uleule wanaotembea wao. Tuta letu liko mbali kidogo tu na hapo, likiwa limefungwa na miiba na nyua za watu.

Nilifurahi kukuta kwamba sikuwa wa kwanza kuliona hilo. Wazazi kadhaa, walimu wawili na vijana wanaopenda baiskeli walikuwa wamekwisha kuanza kukusanya sahihi ili kipande cha Mwatate hadi Bura kifyekwe, kisawazishwe, na kifanywe njia ya kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, na baadaye kivutie wageni wanaokuja kuona maeneo ya vita. Reli hii ni mtoto wa vita. Ilijengwa kuanzia mwaka 1915 ili kuwapeleka askari wa Kiingereza wakapigane na Wajerumani kwenye mpaka wa Taveta, na makaburi ya askari wa Kihindi yako Maktau hadi leo. Wapagazi wetu waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo hawana makaburi ya kuonyesha, na mimi naona njia hiyo ingekuwa mahali pazuri pa kuwakumbuka.

Nilijiunga nao siku hiyohiyo, na nikiri kwamba nilijiunga kwa majivuno. Nimeishi Bristol, na kwa miaka kumi na mitatu nilikwenda kazini kwa baiskeli juu ya reli ya zamani ya Bristol kwenda Bath. Treni za abiria ziliacha kupita hapo mwaka 1966. Mwaka 1977 wakazi walianzisha kikundi cha kudai njia za baiskeli, wakaomba kulitumia tuta, na kufikia 1979 walikuwa wakikitengeneza kipande cha kwanza karibu na Bath kwa mikono yao wenyewe, kwa majembe na toroli. Mwaka 1986 njia nzima ya kilomita 21 hivi ilikuwa imekamilika. Nimepita kwenye handaki lake la Staple Hill usiku na mchana, kiangazi na kipupwe, nikiwa na wazee wenye mikongojo, watoto wa shule na kina mama wanaosukuma vigari vya watoto. Mwaka 2008 mpango wa kupitisha mabasi juu ya njia hiyo ulipotangazwa, wakazi waliupinga mpaka ukaachwa. Picha zote hizo ninazo kwenye simu, na nilikwenda nazo kwenye baraza nikiamini kwamba atakayeziona hatakuwa na swali.

Wazee waliziangalia kwa adabu, simu ikapita mkono hadi mkono, na ilipomfikia mjomba wangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika genge la kukarabati reli hii, aliirudisha bila kusema kitu. Kisha akasimama akaomba nafasi. Akasema, "Mwanangu, huko ulikokuwa waliizika treni yao kwanza, ndipo wakatembea juu ya kaburi. Sisi yetu haijafa. Mkimwaga changarawe juu ya reli, mmeizika ninyi." Nyuma yake wakaitikia wengi, na si wazee peke yao.

Nilidhani watu watauliza habari za fedha. Nilidhani watauliza habari za ndovu, ambao wanatoka Tsavo wanakula mahindi ya watu na kuua watu, na ambao ni sababu ya kweli ya kutofungua kipande cha kuelekea Maktau bila mpango wa askari wa wanyamapori. Maswali hayo yalikuja, yakajibiwa na kupita. Lakini kwamba watu bado wanaingoja treni, hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja, na ndilo linaloniamsha usiku. Mimi kule Bristol nilikuwa nikiikumbuka reli kama kitu kilichokwisha, kitu kizuri cha utotoni. Wao hawakuikumbuka, waliendelea kuihesabu miongoni mwa mali zao, kama mtu anavyomhesabu mwana aliyesafiri bila kuaga.

Nao wana sababu. Mjomba alinieleza jioni hiyo, taratibu, kama anayemfundisha mgeni. Reli hii haikuishia Taveta. Ilivuka mpaka ikaungana na reli ya Tanga pale Kahe, na mtu aliweza kutoka Voi akafika Moshi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja likagawanywa, mpaka ukafungwa hadi 1983, na kipande chetu kikabaki tawi lisilo na mti. Haya, lakini ng'ambo ya mpaka reli ya Tanga hadi Moshi na Arusha nayo ilikuwa imelala, watu wakalima na kujenga kandokando yake, na ilipofika 2019 mizigo ikaanza kupita tena hadi Moshi, na mwaka uliofuata treni ikafika Arusha. Upande wetu, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na stesheni yake ya Voi ndiyo niliyoshukia mimi mwenyewe nikirudi. "Umeshuka kwenye treni mpya," mjomba aliniambia, "halafu unatuambia sisi habari ya treni imekwisha?"

Usiku huo nilizipitia picha zangu upya, na safari hii nikaiona moja niliyokuwa nikiiruka. Imepigwa Bitton, kijiji kilicho katikati ya njia ile ya Bristol na Bath. Upande mmoja wapo waendesha baiskeli, na upande wa pili, nyuma ya uzio mfupi, kuna garimoshi linalotoa moshi. Ni kweli: watu wa kujitolea waliweka reli upya katika kipande hicho, na treni yao ya mvuke huwabeba watalii sambamba na njia ya miguu. Nilipita hapo mara nyingi mno na sikuwahi kuchukua maana yake. Marekani nako, tangu mwaka 1983, sheria inaruhusu reli isiyotumika iwe njia ya miguu na baiskeli kwa sharti kwamba ukanda wake ubaki mzima, ili siku treni ikihitajika irudi. Huko wanaijua hatari ambayo sisi tunaiona kwa macho yetu: ukanda usiotumiwa na mtu yeyote hukatwa vipande, huyu ajenge choo, yule aweke kibanda, na siku treni ikitaka kurudi haina pa kupita isipokuwa juu ya nyumba za watu. Wanaotembea kila siku ndio wanaouona mkataji wa kwanza wa chuma na mchimbaji wa kwanza wa msingi.

Nilirudi barazani wiki mbili baadaye na picha hiyo moja tu, na ombi lililobadilishwa: njia ipite kando ya reli, mahali palipokuwa njia ya wafanyakazi wa genge, na chuma kilichobaki kisiguswe wala kufunikwa. Mabishano hayakwisha. Wenye nyua juu ya tuta wanaogopa kwamba kufyeka ni mwanzo wa kuwekewa alama za kubomolewa, na hofu hiyo sitaibeza, kwa kuwa katika kaunti hii kila familia ina hadithi yake ya ardhi. Tumekubaliana kuanza pasipo na ua hata mmoja, na barua ya kuomba ruhusa ya matumizi imepelekwa kwa mwenye ardhi ikiwa na sahihi za pande zote.

Wewe unayejiandaa kurudi nyumbani ukiwa na wazo ulilolipenda ugenini, nakusihi ukae kimya mwezi mzima wa kwanza. Usionyeshe picha mpaka uulizwe. Uliza kwanza watu wanangoja nini mahali hapo unapopaona pameachwa, kwa maana mimi nilipaona pameachwa kwa sababu niliyepaacha ni mimi. Ombi la ruhusa liandikwe kabla panga halijanolewa, na nakala yake iachwe kwa chifu. Usikubali kuitwa mfadhili, hata kama umekuja na pauni, kwa sababu siku utakapopanda ndege tena kazi itaitwa yako na itaachwa palepale.

Jumamosi hii tunaanza, kutoka kivuko cha barabara hadi karavati la kwanza. Vijana wamepima upana wa mita tatu kwa kamba ya mkonge na kupigilia vigingi. Mjomba hajatia sahihi. Amesema atakuja na nyundo yake, atembee mbele ya wafyekaji akigonga reli, aone ni zipi ambazo bado zimekazwa.