Nilivyopata nyumba ya kulala mchana, Tabora

Mimi ni muuguzi. Wiki ya zamu ya usiku natoka wodini saa mbili asubuhi, nafika nyumbani wenzangu wakiwa wanafungua maduka, na hapo ndipo usiku wangu unapoanza. Kwa hiyo ninaposema nilihangaika kutafuta nyumba kwenye mtaa uliotulia, sikuwa nachagua kwa maringo. Nikikosa usingizi mchana, usiku nawahudumia wazazi na vichanga kichwa kikiwa kizito, na hilo sikuwa tayari kulizoea.

Nilihamishiwa Tabora kutoka Iringa Aprili 2023, nikiwa na watoto wawili: mkubwa wa darasa la nne, mdogo wa miaka mitatu. Mume wangu ni mwalimu Mpanda, huja kwa treni likizo zikifunguka. Nyumba niliitafuta kwa simu nikiwa bado Iringa, kupitia dalali. Siku niliyofika akanipeleka kuiona saa sita mchana. Sakafu ya marumaru, geti jipya, mtaa kimya kabisa. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, 150,000 kwa mwezi. Nikatoa 900,000 kwa mkupuo, na 150,000 nyingine ya dalali juu yake.

Kumbe siku ile umeme ulikuwa umekatika. Ulipowaka kesho yake, mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya nyumba ikaanza saa moja asubuhi mpaka magharibi. Na Ijumaa usiku nikagundua kwamba jengo la ng'ambo ya ukuta, ambalo nililidhania ghala, ni baa. Spika mbili zilikuwa zimeelekezwa chumbani kwa watoto. Mwanangu mdogo alikuwa anaamka saa nane za usiku analia, na mimi sipo, nipo kazini, yupo na dada wa kazi ambaye naye ni mtoto tu. Nilivumilia miezi minne. Nilipoondoka Agosti, miezi miwili iliyobaki, yaani 300,000, haikurudi. Mkataba ulikuwa na ukurasa mmoja na haukusema lolote kuhusu mpangaji anayehama kabla ya muda. Niliusaini bila kuuliza.

Safari ya pili sikuanzia kwa dalali. Nilianzia kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa ananipeleka zamu. Nikamuuliza, wewe unayezunguka mji huu usiku kucha, wapi kumetulia? Akafikiri kidogo, akasema, "Dada, kuna mitaa tukipita na muziki wazee wanatusimamisha. Wanatuuliza, we kijana, hapa umeona harusi? Mitaa hiyo ndiyo ya kukaa na watoto."

Jibu hilo lilinifungua macho. Nilikuwa nauliza wapi hakuna kelele, kana kwamba ukimya unaota wenyewe kama miembe ya Tabora. Yeye alikuwa ananionyesha wapi kuna watu wanaozuia kelele. Wiki hiyohiyo akanizungusha Kitete, Ipuli na Cheyo, na ni huko Cheyo nilikoshuka nikatembea kwa miguu.

Nilienda mara tatu kabla ya kuuliza bei. Jumanne saa nne asubuhi, wakati ambao ningekuwa nimelala: nikasikia kuku, mtu anafua, basi. Nikahakikisha umeme upo, maana somo nilishalilipia. Jumamosi saa nne usiku: mlinzi na mbwa, na kwa mbali honi ya treni. Treni Tabora huwezi kuikwepa, reli ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana hapahapa, lakini honi inapita, haikai mpaka alfajiri. Mara ya tatu nilienda jioni, saa kumi na mbili, na hiyo ndiyo iliyoniamulia. Watoto walikuwa wanacheza rede katikati ya njia, mama mmoja ameketi kwenye mkeka anachambua mchicha, na mtoto mmoja alipotupa mpira kwenye ua wa watu akaitwa kwa jina lake na mtu ambaye si mama yake. Mtaa ambao watoto wanajulikana kwa majina mpaka nyumba ya nne, pale naweza kumwacha mwanangu nikaenda zamu.

Mama wa mkeka ndiye aliyeniambia kwamba bibi wa nyumba yenye uzio wa minyaa ana nyumba ndogo uani, vyumba viwili na sebule, mpangaji amehama. Bango hakuweka. "Hapendi madalali," akasema. "Anataka mtu aletwe na mtu."

Bibi alinisalimu "mwangaluka" nami nikamjibu kwa shikamoo, sikuwa na Kinyamwezi cha kurudishia. Akanipa kigoda. Halafu akaanza kunihoji, na nakiri sikupenda mwanzoni. Mume yuko wapi? Anakuja lini? Anayelala na watoto ukiwa kazini ni nani, ana umri gani? Wageni wangu ni watu gani? Nimekutana na wenye nyumba wengi wanaomwona mwanamke aliyekuja peke yake wakafunga mlango, nikadhani na huyu ni hivyo. Nikamjibu yote, nikampigia mume wangu akaongea naye. Mwishoni akasema, "Mwanangu, nina wajukuu wanne humu ndani. Sikuulizi kwa ubaya." Hapo nikaelewa kwamba maswali yale, wapangaji wenzangu wa mtaa mzima walishaulizwa na wenye nyumba wao, na ndiyo maana jioni ile ilikuwa vile ilivyokuwa.

Nyumba yenyewe niliikagua kama ninavyomkagua mgonjwa. Ilikuwa Septemba, ardhi imekauka, kila nyumba ni nzuri Septemba. Nikatafuta alama ya maji ukutani, chini kabisa, kwa sababu mvua za huku zikianza Novemba ndipo nyumba husema kweli. Nje nikakuta msitari hafifu, ndani hakuna. Nikauliza shimo la choo lilinyonywa lini. Nikafungua bomba: Tabora sasa inapata maji ya Ziwa Victoria, si kama zamani mji ulipotegemea bwawa la Igombe, lakini bomba kufika uani na maji kutoka ni mambo mawili. Yakatoka. Simtanki la lita 1,000 lilikuwepo, mfuniko haupo, bibi akaahidi kuununua na akaununua.

Bei ilikuwa 180,000 kwa mwezi na yeye pia alitaka miezi sita. Sikuwa nayo. Nikamweleza hali halisi, zile 300,000 nilizozipoteza na mahali zilipopotelea. Akakubali miezi mitatu mitatu. Nikaomba mambo mawili yaandikwe. Kwanza, atakayetaka kuvunja mkataba, yeye au mimi, atoe taarifa mwezi mmoja kabla na kodi ya miezi isiyotumika irudi. Pili, kodi ya jengo. Watu wengi hawaliangalii hili: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kila mwezi, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa ingawa nyumba si yake. Nyumba hii ya uani ina mita yake, kwa hiyo ningekatwa mimi. Bibi hakujua. Nilimwonyesha ujumbe wa tokeni kwenye simu, akamwita mjukuu amsomee, akasema basi punguza kwenye kodi. Ndiyo maana kila baada ya miezi mitatu nampelekea 535,500 na si 540,000. Anazihesabu mbele yangu, ananiandikia risiti kwenye daftari la shule.

Mkataba tulisainia kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala mbili, muhuri. Siku hiyohiyo nikajitambulisha kwa mjumbe, na jioni nikapita nyumba tano za karibu na watoto, nikawaambia majirani kwamba mimi ni muuguzi, wiki nyingine mtaniona nalala mchana, msidhani naumwa. Niliona aibu kidogo kuzunguka hivyo. Bibi ndiye aliyenisukuma.

Faida yake niliiona Februari. Nyumba ya pembeni ilipangishwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akaanza kukata mabati uani. Siku ya kwanza nililala nimejifunika mto kichwani. Siku ya pili nikajiandaa kwenda kulalamika, nikakuta mzee wa nyumba ya kona ameshakwenda na wenzake wawili, wamekaa na yule fundi wanakunywa naye chai. Hawakumfokea. Walimwambia hapa kuna wagonjwa, kuna wanafunzi, na kuna muuguzi anayelala mchana. Mwenye nyumba wake akaitwa, mwenyekiti akaitwa, wakakubaliana kazi ya kukata ihamie barabara kubwa ndani ya wiki mbili na fundi aendelee kuishi pale na familia yake. Yupo mpaka leo. Binti yake anasoma darasa moja na mwanangu, na dirisha langu la jikoni ni yeye aliyelitengenezea nondo.

Wiki hii nina zamu ya usiku. Jana nilifika saa mbili na nusu, nikakuta watoto wameshakwenda shule na bibi ameniachia sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga mezani. Nilivuta pazia. Kabla usingizi haujanichukua nikasikia wajukuu wanakimbizana uani, kisha sauti ya bibi, ya chini, "Chezeni mbele huko, mama kalala." Nyayo zikaondoka. Niliamka saa tisa na nusu alasiri.