Mume wangu, umerudi?

Magomeni, Mtwara. Alhamisi usiku.

Umeme umekatika tangu saa mbili na mimi nimefukuzwa ndani. Shangazi amefunga dirisha la chumba cha Bibi, akaniambia, "Baba, toka nje kidogo, na hayo madude yako yaweke masikioni." Bibi ameanza kuimba nyimbo za unyago. Mwanamume hazisikilizi nyimbo hizo, hata awe mjukuu, hata giza liwe kama hili. Basi nipo barazani na hedifoni zangu, simu ina chaji asilimia 40, naandika huku nasikiliza kitu kingine.

Hicho kitu kingine nilikutana nacho kikazi. Mimi ni fundi redio na simu, nina meza yangu sokoni. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja wa chuo, simu yake inapiga muziki unaokwaruza na kuzama kama umetiwa majini. Nikamsikiliza kidogo, nikamtajia bei ya spika mpya. Akacheka sana. "Fundi, spika nzima. Muziki ndio ulivyo."

Muziki wenyewe ni wa Mwingereza, Leyland Kirby, anayejiita The Caretaker, yaani mtunza jengo. Jina hilo alilitoa kwenye filamu ya kutisha iitwayo The Shining, ile yenye ukumbi wa dansi ndani ya hoteli tupu. Kazi yake hii, Everywhere at the End of Time, ina urefu wa kama saa sita na nusu, na aliitoa kwa awamu sita kuanzia 2016 hadi 2019. Kila awamu ni hatua moja ya ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Malighafi ni santuri za dansi za Kizungu za miaka ya 1920 na 1930, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Anazikata, anazirudiarudia, anazipunguza mwendo, anazizamisha. Kwa mfano, sehemu ya kwanza kabisa imetokana na wimbo Heartaches kama ulivyorekodiwa na Al Bowlly mwaka 1931. Mwanzoni unausikia vizuri, santuri inakwaruza tu kwa uzee wake. Mbele unarudi umepinda. Mbele zaidi unahisi umerudi lakini huwezi kuapa. Kuanzia awamu ya nne hakuna tena nyimbo fupi zenye majina yake: ni vipande vya zaidi ya dakika ishirini kila kimoja, vumbi tupu, na ndani ya vumbi tarumbeta inachomoza kichwa na kuzama.

Mwaka 2020 vijana kwenye TikTok walishindana nani ataimaliza yote kwa kikao kimoja. Kwangu hiyo ni sawa na kushindana nani atakaa msibani muda mrefu. Mimi naisikiliza kwa vipande, wiki ya tatu hii, na nimeishia awamu ya tano.

Awamu iliyonikalia rohoni ni ya kwanza, ambayo wengi wanairuka kwa kuwa haitishi. Ukiipiga dukani hakuna atakayeuliza. Ni muziki wa zamani tu, mzee anakumbuka ujana wake. Hivyo hivyo kwa Bibi.

Bibi amekuwa akiniita "mume wangu" tangu naogeshwa kwenye beseni. Ni utani wetu wa bibi na mjukuu, kila mtu anaujua. Nikirudi shule: "Mume wangu, umeniletea nini?" Nikiwa na hela nilimletea ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, na chumvi yenye pilipili. Nisipokuwa nayo alitangaza mtaa mzima kwamba ananipa talaka. Babu, mume wake halisi, alikuwa kuli bandarini. Sasa kama miaka mitatu iliyopita nimetoka kazini, Bibi akaniuliza, "Mume wangu, umerudi? Meli imepakia nini leo?" Nikamjibu, "Korosho." Tukacheka wote, Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Wiki iliyofuata akauliza tena, na safari hii alikuwa amenibandikia maji ya kuoga. Nikajibu tena korosho. Nikienda nyuma kuitafuta siku ambayo utani uliisha, siipati.

Daktari tuliyempelekea alisema ni uzee. Mtaani wana maelezo yao, sitayaandika. Ninachojua kwa kusoma ni kwamba uzee peke yake haufanyi hivi. Huu ni ugonjwa wa ubongo, una aina nyingi, na Alzheimer ndiyo inayoongoza. Hapa hapa Tanzania, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa miaka 70 na kuendelea, na katika matokeo waliyoyachapisha 2013 walikuta karibu 6 kati ya kila 100 wanao. Nilimsomea Shangazi hayo. Akasema, "Kwa hiyo hajarogwa," akaendelea kuchambua mchele. Nilimwona akifuta jicho kwa mgongo wa mkono.

Kuna jambo moja nilimkosea Bibi. Alikuwa akiuliza kama treni imeshapita. Kila jioni, treni. Nami kila jioni namwelewesha: Bibi, Mtwara hakuna treni, treni iko Dar. Anakasirika, ananiangalia kama mtoto mjinga. Siku moja mzee mmoja mteja wangu akanipa somo. Waingereza walipoleta mradi wao wa karanga mwaka 1947 walijenga bandari hii ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa 1951. Reli ikajikokota miaka kadhaa, ikafungwa, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Bibi amezaliwa upande wa Mtama. Treni aliiona kwa macho yake, na jioni ilikuwa saa yake ya kurudishwa nyumbani kutoka shambani. Siku hizi akiuliza najibu, "Bado, Bibi, imechelewa." Ananiambia, "Leo nayo!" na tunasonya wote wawili.

Sasa la kaseti, ambalo ndilo lililonikalisha kuandika.

Babu aliwahi kwenda Dar kutibiwa, akakaa miezi mingi. Hakujua kuandika, Bibi hajui kusoma. Akatuma barua ya kaseti. Ilikuja na dereva wa lori, ikavuka Rufiji kwa kivuko, maana Daraja la Mkapa halijafunguliwa mpaka 2003, na masika yakiwa makali barabara ile ilikuwa ni kuomba Mungu. Bibi akaisikiliza, akaifunga kwenye kanga, akaiweka sandukuni. Babu akafia huko huko. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilitaka kurekodi nyimbo za bendi kutoka redioni na sikuwa na kaseti tupu. Mnajua kilichofuata. Niliziba vile vitundu vya juu vinavyozuia kaseti isirekodiwe tena kwa karatasi na gundi ya uji wa muhogo, nikabonyeza kitufe chekundu.

Nilipokuja kuwa fundi nilielewa nilichofanya: ule utepe una unga wa oksidi ya chuma, kutu kwa lugha nyepesi, na sauti ya mtu ni mpangilio wa kutu. Unapangwa upya mara moja, wa zamani ndio kwaheri. Joto na unyevu wa pwani navyo vinakula. Kuna Mmarekani, William Basinski, mwaka 2001 alikuwa anahamishia tepu zake za zamani kwenye dijitali, akaona unga unapukutika kadiri zinavyozunguka, muziki unatoboka mbele yake. Akaacha zizunguke, akarekodi mpukutiko wenyewe. Namheshimu, lakini mimi nisingeweza. Kaseti ya Babu nimekaa nayo miaka bila kuipiga, kwa kuogopa kila mzunguko.

Jumapili nikaamua. Nikafuta hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, nikatoa ukungu mweupe pembeni, nikahamisha utepe kwenye ganda jipya, nikaunganisha waya na simu. Upande A wote ni bendi, na katikati ya nyimbo unasikia mtoto anakohoa. Upande B, mwishoni kabisa, zimebaki dakika nne. "... na huyo kijana mwambie asiache shule. Na wewe usiuze ile mbuzi. Mimi nipo, naendelea vizuri, nitarudi." Anakohoa pia. Kikohozi kimoja, mimi na yeye.

Nikampigia Bibi kaseti hiyo jioni, nimekaa karibu naye kitandani. Sijui nilitegemea nini. Pengine machozi, pengine jina. Alisikiliza vizuri, kichwa kainamisha upande. Sauti ilipokwisha akaniuliza, "Huyo nani?"

"Babu, Bibi. Mumeo."

Akaniangalia kwa huruma kabisa, akanishika goti. "Si upo hapa?"

Nikazima redio.

Tangu Jumapili nimekuwa nikibishana na Kirby kichwani. Kelele ameipata, kupinda amekupata, hasa ule wimbo unaorudi ukiwa si wenyewe. Ila ukumbi wake hauna watu. Santuri inacheza, inaoza, hakuna anayeijibu. Kwetu nyumba imejaa, hata usingizi ni wa zamu. Na nyimbo anazoimba Bibi saa hizi, kwa maelezo ya Shangazi, hazina neno lililopotea. Jina la mwanawe linamponyoka, jina langu limeshakwenda, lakini za unyago zimesimama zote kwa mpangilio wake, pamoja na zile ambazo Shangazi mwenyewe alikuwa amezisahau. Tatizo ni kwamba zina kiitikio. Bibi akifika pale ananyamaza anasubiri, na asipoitikiwa hawezi kuendelea, anaanza kuhangaika na shuka. Kwa hiyo Shangazi huitikia popote alipo, jikoni, uani, hata bafuni.

Nimesoma kwamba mwisho wa awamu ya sita, dakika chache za mwisho, kelele zinafunguka, kwaya inasikika safi, halafu unakuja ukimya wa dakika nzima. Sijafika huko.

Chaji asilimia 22. Nimevua hedifoni kuangalia kama amelala. Hajalala. Amenyamaza pale pa kusubiri, na sisikii anayeitikia. Kitanda kinalia, anavuta shuka. Kiitikio sikijui, na hata ningekijua si changu.

"Shangazi!"

"Bee! Nateka maji!"

"Anakusubiri."

Ndoo imewekwa chini, maji yamemwagika. Narudisha hedifoni masikioni.